Mbona pampu moja ya samaki iuzwe bei ya pampu saba?

Swali la juma hili limetoka kwa mzazi mmoja wa mjini Kitale ambaye watoto wake walimsihi hadi akakubali kuwanunulia tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo. Alipoanza kuulizia vifaa alipigwa na butwaa. Pampu ndogo ya kuzungusha maji iliuzwa shilingi mia sita na ushei katika duka moja. Katika duka la pili pampu ya ukubwa ule ule, yenye sura ile ile na rangi ile ile nyeusi, iliuzwa elfu nne na nusu. Anataka kujua kama huyo mwenye duka la pili ni mwizi. Swali lililo jirani na hilo limeletwa na wanafunzi wa Bungoma ambao klabu yao ya sayansi ina tangi darasani na kijibeti cha fedha kisichotosha hata nusu ya orodha yao.

Huenda ni mwizi, na huenda si mwizi. Bei peke yake haisemi. Wazee walisema cha rahisi ni ghali, lakini hawakusema kwamba kila cha ghali ni kizuri, na wapo wafanyabiashara wanaojua sana kuutumia upungufu huo wa methali. Basi inafaa tufungue vifaa hivi, angalau kwa mawazo, tuone ndani mna nini.

Tuanze na hita, maana kwa mkazi wa Kitale hilo ndilo jambo la kwanza. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hakuna asiyejua baridi yake. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, na joto lake ni la kuridhisha. Samaki wa dhahabu hawahitaji hita popote kati ya miji hiyo miwili, kwa kuwa maji ya nyuzi 18 hadi 22 yanawafaa vyema. Lakini wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao watoto huwapenda, kama vile gapi, moli na tetra, wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 26, nayo yasipande na kushuka kila uchao.

Chukua tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa linabeba lita 54. Kama chumba kimeshuka hadi nyuzi 16 na maji nayo yakashuka, kuyapandisha hadi nyuzi 25 kwa hita ya wati 50 kunahitaji zaidi ya saa 11, na hapo tunajidanganya kwamba hakuna joto lolote linalopotea. Kwa wati 100 ni karibu saa sita. Sasa fikiria hita iliyoandikwa wati 100 kwenye karatasi ya nje ilhali ndani waya wake unatoa wati 60 tu. Hakuna mtu wa kawaida atakayegundua. Ataona samaki wamejikunja pembeni, wana madoa meupe mwilini, naye atakimbilia dawa.

Hilo la joto kupungua ni afadhali. Balaa ni lile la pili. Ndani ya hita mna swichi iitwayo themostati, ambayo hukata umeme maji yanapofikia joto ulilopanga na kuurudisha yanapopoa. Kila inapokata na kurudisha hutoa cheche ndogo katikati ya vipande viwili vya madini vinavyogusana. Usiku mmoja inaweza kufanya hivyo mara nyingi, na kwa mwaka ni maelfu. Vipande hivyo vikiwa vya madini duni, cheche hizo huvichoma kidogo kidogo mpaka siku moja vinashikana kabisa kana kwamba vimechomelewa na fundi. Kuanzia hapo hita haizimiki tena. Katika tangi letu la lita 54, hita ya wati 100 iliyokwama hupandisha maji kwa nyuzi moja kila dakika 37 au zaidi kidogo. Mkilala saa nne usiku maji yakiwa nyuzi 25, alfajiri mtakuta yamekaribia 35. Na iwapo mwenye duka alikushawishi uchukue hita ya wati 300 kwa sababu ati kubwa ni bora, kazi hiyo itakwisha kwa muda wa saa mbili tu. Samaki hao watakuwa wamepikwa, na wewe utakuwa na la kuwaeleza watoto asubuhi kabla ya shule.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya bei ya hita nzuri. Mtengenezaji amelipia madini bora katika swichi. Amelipia kioo kinachostahimili joto, kisichopasuka pale mtu anapoitoa hita majini ikiwa ingali ya moto. Mara nyingi ameweka na kifaa cha pili cha usalama kinachozima umeme maji yakipungua. Juu ya hayo ameajiri watu wa kupima kila hita au angalau kila fungu kabla halijatoka kiwandani, na zile zisizofaa hutupwa. Hizo zilizotupwa, ndugu msomaji, pia wewe ndiwe unayezilipia. Katika kiwanda cha bei ya chini hakuna kinachotupwa. Zote zinasafiri, nzima na mbovu, na wa kuzipima ni wewe mwenyewe sebuleni kwako.

Nikija kwenye pampu, hadithi inafanana ingawa ni ya pole zaidi. Pampu hizi hazina mota ya kawaida. Ndani mna nyaya zilizozungushwa na kuzibwa kabisa zisiguse maji, na mbele yake kuna sumaku ndogo yenye pangaboi ambayo huzungushwa na nguvu za umeme zipitazo katika zile nyaya. Kitu kinachozunguka ni kimoja tu. Kikiwa kimekaa juu ya msumari wa kauri, huzunguka miaka na miaka bila kulika. Kikiwa juu ya msumari wa chuma cha hivi hivi, chuma hupata kutu au hulika upande mmoja, na hapo ndipo mnapoanza kusikia ule mngurumo usiku unaowafanya watu wazime pampu ili walale.

Kuizima ndiko kunakoua. Katika sifongo ya kichujio huishi bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia itokayo kwenye mavi na mkojo wa samaki iwe naitraiti, na kisha iwe naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao wanahitaji maji yanayopita yakiwa na hewa ya oksijeni. Maji yakisimama saa kadhaa ndani ya kichujio kilichofungwa, huanza kufa, na pampu ikiwashwa tena inawamwagia samaki uchafu wote uliooza humo. Mtu husema maji yalikuwa safi jana yake. Yalikuwa safi kwa macho.

Kisha kuna stima kupotea, jambo ambalo watengenezaji wa Ulaya hawalifikirii sana lakini sisi twalijua. Mnakumbuka 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Pampu iliyotengenezwa kwa vipimo sahihi, stima ikirudi huanza kuzunguka yenyewe. Pampu ya kubahatisha hukwama: sumaku inatetemeka mahali pamoja, haizunguki, na waya unazidi kupata moto. Kama mko kazini au shambani hamtajua mpaka jioni. Ukitaka kuipima pampu yoyote mpya, iweke kwenye ndoo ya maji, uizime na kuiwasha mara ishirini. Ikikwama hata mara moja, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi, nayo ni ya bili. Pampu hufanya kazi saa 24 kila siku ya mwaka. Tuseme ile rahisi inavuta wati 18 na ile ghali, kwa sababu ya nyaya bora za shaba na sumaku yenye nguvu, inasukuma maji yale yale kwa wati 6. Tofauti ya wati 12 kwa mwaka mzima ni karibu uniti 105. Ukihesabu uniti moja kwa shilingi 25 umepata zaidi ya shilingi 2,600. Kwa miaka miwili pampu ya mia sita imekula zaidi ya elfu tano ambazo mwenzake hakuzila. Lakini someni maandishi ya wati kabla ya kunishangilia, kwa maana ziko pampu za bei kubwa zinazovuta umeme kama pasi.

Sasa tumrudie yule mwenye duka. Bei ya kiwandani ikiwa kubwa, huku kwetu inakua zaidi, kwa kuwa kodi zote ni za asilimia. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia. Kifaa huangukia ngazi yake kulingana na jinsi kilivyoainishwa. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya 16 kwa mia, ada ya tamko la uagizaji, na ada ya maendeleo ya reli ambayo tumekuwa nayo tangu 2013.

Tufanye mfano. Pampu nzuri imefika Mombasa ikiwa na thamani ya shilingi 3,000, nauli na bima ndani yake. Tuseme imewekwa katika ngazi ya 25 kwa mia: hizo ni 750. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla ya 3,750, nayo ni 600. Zile ada mbili tuseme zinafika 4.5 kwa mia ya thamani ya mwanzo, yaani 135. Imekuwa 4,485 kabla haijapanda lori. Pampu rahisi ya shilingi 400, kwa hesabu ile ile, inatoka bandarini ikiwa 598. Tofauti iliyokuwa 2,600 melini imekuwa 3,887 langoni. Hakuna aliyeiba chochote hapo. Ongeza safari ya kwenda Nairobi, halafu karibu kilomita 380 nyingine hadi Kitale, tena kwa bidhaa ya kioo, na uongeze kwamba mfanyabiashara anaweza kukaa na pampu hiyo moja miezi sita rafuni ikiwa imefunga fedha zake. Za mia sita anauza kumi kwa juma kwa sababu wale wale wanarudi.

Ningependa hapa nimtetee mtu ambaye hutukanwa bure. Utasikia wakisema, hicho ni cha Uchina, hakifai. Ni kweli kwamba Ujerumani ina majina ya zamani katika kazi hii. Eheim, kwa mfano, ni kampuni iliyoanzishwa 1949, na mashabiki wake huisifu kwa vichujio vya miaka mingi ambavyo bado vinapatiwa vipuri. Lakini vifaa vingi mno vya samaki duniani, vikiwamo baadhi ya vile vyenye majina ya Ulaya, hutengenezwa Uchina. Kiwanda cha Uchina hutengeneza kile mnunuzi alichoagiza. Ukiagiza pampu yenye msumari wa kauri na waranti ya miaka miwili utaipata, na ukiagiza pampu ya bei ya soda mbili utaipata hiyo pia. Anayestahili kuulizwa ni mwagizaji aliyeketi hapa Kenya na akachagua ya pili.

Kwa hivyo usiulize nchi. Uliza kama kuna vipuri. Muuzaji akikuambia pangaboi, mpira wa kuzuia maji na sifongo vinapatikana na akakuonyesha bei yake, hicho ni kifaa cha kukaa nacho. Akicheka na kusema, "Ikiharibika si utanunua nyingine tu," amekujibu vizuri kabisa. Angalia pia kibandiko cha Shirika la Viwango, KEBS, ambalo tangu 2005 limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka. Kibandiko nacho huigwa, na ndiyo sababu tukawa na sheria dhidi ya bidhaa bandia ya 2008. Bidhaa yenye jina kubwa ikiuzwa robo ya bei, isikufurahishe.

La usalama sitalipitia mbio. Mtoto hutia mkono kwenye tangi. Anataka kumgusa samaki, au kalamu imetumbukia. Ndani ya maji hayo hayo mna hita na pampu zenye volti 240. Kinachomtenganisha mtoto na umeme huo ni kioo cha hita, ule mpira wa shingoni, na plastiki iliyoziba nyaya za pampu. Katika vifaa duni mpira huo hukauka na kupasuka kwa miezi michache. Vifaa vingi vya bei ya chini huja na plagi ya miguu miwili, nasi tunajua jinsi inavyoingizwa katika soketi zetu za matundu matatu: mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu ndipo plagi ikubali kuingia. Kwa redio hilo ni kosa. Kwa tangi la samaki ni kosa la kuua. Nunueni adapta yenye fyuzi, mwambieni fundi wa stima aweke swichi ya kukata umeme unaovuja, acheni waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiifikie plagi. Na kila mkono unapoingia majini, hita na pampu ziwe zimechomolewa, hata kama ni za Ujerumani.

Wale wenye ndugu Marekani nao wasikie. Hita ya huko ya wati 100 imeundwa kwa volti 120. Ukiichomeka hapa moja kwa moja haitaharibika polepole; itavuta wati 400 na kupasuka.

Nanyi wanafunzi wa Bungoma, mliodhani nimewasahau. Kwenu habari ni njema zaidi, kwa sababu nyinyi mnaweza kuruka nusu ya orodha. Hita msinunue, wekeni samaki wa dhahabu wachache, au gapi, ambao huvumilia joto la Bungoma vizuri mkiwaweka mbali na dirisha la baridi. Kichujio cha gharama msinunue. Kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa ndicho wanachotumia hata wafugaji wakubwa wa vifaranga vya samaki, na bei yake ni ndogo. Hakina kitu cha kuharibika, na bakteria hukipenda. Fedha mtakazookoa zipelekeni zote kwenye pampu ya hewa iliyo nzuri, na msichukue ile ndogo kabisa. Juu huku hewa ni nyepesi: katika Bungoma maji hubeba oksijeni kama 85 kwa mia ya yale ya Mombasa yenye joto sawa, na Kitale ni kama 80. Samaki wetu wanaanza wakiwa na pungufu. Pampu iwekeni juu kuliko maji, au nunueni kile kivalvu kidogo cha mpirani kinachozuia maji yasirudi, maana stima ikipotea maji hufuata mpira hadi kwenye pampu na kuiua, na kivalvu chenyewe ni cha bei ya andazi kadhaa.

Ile mawe na changarawe ya rangi kwenye mifuko, iacheni dukani. Changarawe ya mto iliyooshwa mpaka maji yatoke meupe inatosha. Idondosheeni siki kwanza, na ikitoa povu tafuteni nyingine, kwa sababu ina chokaa.

Na tangi lenyewe si lazima litoke ng'ambo. Fundi wa vioo wa jua kali, Kitale au Bungoma, atalifanya kwa bei ambayo hakuna mwagizaji atakayeifikia, ikiwa mtamsimamia katika mambo mawili. Kwanza, kwa tangi la sentimita 60 kioo kiwe cha milimita 6, kwani atataka kutumia cha 4 kilichobaki kwenye madirisha, nayo lita 54 ni kilo 54 zinazosukuma mchana na usiku. Pili, silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, yenye harufu ya siki inapokauka. Ile ya kuzibia bafu ina dawa hiyo, na samaki hawaipendi. Ikauke juma zima. Kisha lijazwe pale pale kwa fundi, juu ya magazeti makavu, likae siku tatu kabla hamjamlipa salio.